Tufaa kugeuka kahawia si kutu, na HB haipandi kwa matufaa

Imezunguka tena. Picha ya tufaa lililokatwa, nusu nyeupe, nusu kahawia, na maandishi chini yake kwamba kahawia ile ni chuma kinachopata kutu, kwa hiyo mjamzito mwenye damu pungufu ale matufaa mawili kila siku "HB ipande", yaani kipimo cha hemoglobini kwenye damu. Nimelijibu hili kwa mdomo kiasi cha kuchoka. Sasa naliandika, ili nikiulizwa tena nitume linki na kuendelea na kazi.

Kabla sijaanza: sina ugomvi na tufaa. Ni tunda zuri, na huko mbele nitaeleza faida zake ninazoziamini na zile ninazozitilia shaka. Ugomvi wangu ni na faida ya uongo inayomchelewesha mtu kupata tiba ya kweli.

Kahawia inatoka wapi

Ndani ya seli za tufaa kuna polifenoli, hasa asidi ya klorojeniki na katekini. Ndani ya seli hizo hizo, lakini katika chumba kingine, kuna kimeng'enya kinachoitwa polifenoli oksidasi. Tunda likiwa zima hawa wawili hawaonani. Kisu kikipita, kuta zinapasuka, wanakutana, oksijeni ya hewani inaingia, polifenoli zinageuzwa kuwa kwinoni, na kwinoni zinaungana zenyewe kwa zenyewe hadi kuwa melanini, ambayo ndiyo rangi unayoiona. Chuma hakimo katika mlolongo huo hata kidogo. Ukishikilia kwamba lazima kuwe na madini, basi ni shaba: kimeng'enya chenyewe kimebeba atomi za shaba. Sijawahi kuona mtu akisambaza picha ya tufaa akisema lina shaba.

Kutu inahitaji chuma cha metali, hewa na unyevu. Chuma kilichomo kwenye chakula hakikai humo kama msumari. Kimeshikwa na protini na asidi mbalimbali. Na kama kahawia ingekuwa kipimo cha chuma, bilinganya, viazi mviringo, ndizi na parachichi vingekuwa dawa ya upungufu wa damu, maana vyote hugeuka vikikatwa, kwa kimeng'enya cha familia hiyo hiyo. Mbona hakuna anayemwambia mjamzito atafune viazi vibichi?

Asiyeniamini afanye jaribio hili, halihitaji maabara. Kata tufaa moja vipande vinne vyenye unene wa nusu sentimita. Cha kwanza kiache kilivyo. Cha pili kipake maji ya ndimu pande zote. Cha tatu kitumbukize kwenye maji yanayochemka kwa dakika 3, kisha kipoze haraka kwenye maji baridi. Cha nne kiloweke dakika 10 kwenye kikombe cha maji (robo lita) chenye nusu kijiko cha chai cha chumvi, halafu kisuuze. Vipange kwenye sahani, rudi baada ya saa moja. Cha kwanza kitakuwa kimegeuka, vitatu vilivyobaki vitakuwa vimebaki na weupe wake au karibu na hapo.

Angalia hicho cha tatu. Moto umeharibu kimeng'enya. Chuma hakiharibiwi na maji ya moto. Kingekuwemo na ndicho kinacholeta rangi, kipande kingegeuka kama mwenzake. Ndimu nayo inafanya kazi mbili: asidi yake inashusha pH hadi kimeng'enya kinazubaa, na vitamini C yake inazirudisha kwinoni nyuma kabla hazijaungana. Jaribio huharibika kwa sababu moja kubwa, vipande vinene. Joto halifiki katikati, katikati inageuka, na mtu anaondoka akisema mtaalamu kadanganya. Nusu sentimita, tafadhali.

Tangu 2015 Marekani imeruhusu matufaa ya Arctic, yaliyobadilishwa vinasaba ili yasigeuke rangi. Watengenezaji hawakuondoa chuma chochote, walizima vinasaba vya kimeng'enya hicho basi.

Kwa wanaouliza: tufaa lililogeuka kahawia halina madhara. Limepoteza sehemu ya polifenoli na vitamini C yake kidogo, ladha imefifia. Kula.

Sasa hesabu

Tufaa la wastani, gramu 180 hivi na ganda lake, lina chuma miligramu 0.2 na ushee. Kiwango kinachotumika Marekani kwa mjamzito ni miligramu 27 kwa siku. Ukitaka kuzipata kwa matufaa unahitaji zaidi ya matufaa 120. Hizo ni kilo 22 za tunda na zaidi ya kilo 2 za sukari, kila siku, hadi kujifungua. Kidonge kimoja cha FEFO (chuma na asidi ya foliki) kinachotolewa kliniki kina chuma miligramu 60, sawa na matufaa zaidi ya 270. Na hapo sijagusa suala la ufyonzwaji: chuma cha mimea hufyonzwa kwa kiasi kidogo kuliko cha nyama, kwa hiyo hata hiyo 0.2 haiingii yote kwenye damu.

Jambo hili lingekuwa la kuchekesha kama lisingekuwa na gharama. Utafiti wa taifa wa afya na demografia Tanzania wa 2015–16 ulikuta takriban asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Mjamzito mwenye HB 8 anayekula matufaa kwa wiki sita huku vidonge viko kabatini kwa sababu vinamtia kichefuchefu hajapoteza hela ya matufaa peke yake. Kapoteza wiki sita.

Kuhusu hicho kichefuchefu: kidonge kinywe usiku baada ya kula, karibu na kulala. Kwenye tumbo tupu hufyonzwa vizuri zaidi, ni kweli, na vitabu vitakwambia hivyo, lakini kidonge kinachofyonzwa vizuri halafu kikatapikwa hakina maana. Kinyweshee maji yenye ndimu au chungwa. Usikinywe na chai, kahawa wala maziwa. Acha angalau saa moja kila upande. Choo kuwa cheusi ni kawaida, usiache dawa kwa hilo. Na hivi vyote havichukui nafasi ya kurudi kliniki: HB ikishuka sana, au isipopanda, sababu inaweza kuwa malaria, minyoo au selimundu, na hapo chuma peke yake hakitoshi.

Kwa chakula: sahani ya maharage yaliyopikwa, gramu 200, ina chuma miligramu 4 na zaidi. Loweka usiku kucha, mwaga maji, pika kwa maji mapya, kula na kachumbari iliyokamuliwa ndimu au pera baadaye. Dagaa, nyama nyekundu, mchicha. Maini ya ng'ombe yaliyopikwa yana miligramu 6 hivi kwa gramu 100, lakini hapa kuna jambo ambalo mabango mengi ya kliniki huliruka: yana vitamini A ya retino nyingi mno, na retino ikizidi ni hatari kwa mimba changa. Uingereza huwaambia wajawazito wasiyale kabisa. Kwetu bado yanahimizwa. Mimi husimama katikati: miezi mitatu ya mwanzo yaache, baada ya hapo kipande kidogo, si zaidi ya mara moja kwa wiki. Sisemi kwamba mstari huo umechorwa na utafiti ulionyooka. Umechorwa na busara kati ya miongozo miwili inayopingana.

Halafu kuna kioja ambacho wapenda picha ile hawakijui. Polifenoli zile zile zinazoleta kahawia ni za jamii moja na zile za kwenye chai, ambazo hushika chuma tumboni kisifyonzwe. Tufaa moja halina za kutosha kukutisha, wala siwaambii mliache. Ila kama kahawia ina uhusiano wowote na chuma, basi uhusiano wenyewe unaelekea upande wa pili.

Huenda imani hii ina mizizi mirefu kuliko WhatsApp. Maduka ya dawa ya zamani ya Ujerumani yaliuza dawa ya damu iliyoitwa Extractum Ferri pomati: maji ya matufaa machachu yaliyopikwa na unga wa chuma. Asidi ya maliki ya tufaa iliyeyusha chuma, mgonjwa akanywa. Ilikuwa na mantiki, lakini chuma kilitoka kwenye chuma. Kanuni hiyo bado inafanya kazi jikoni. Utafiti uliofanyika Ethiopia na kuchapishwa mwaka 1999 katika jarida la Lancet ulionyesha kwamba watoto waliopikiwa kwenye vyungu vya chuma walikuwa na hali nzuri zaidi ya damu kuliko waliopikiwa kwenye alumini. Sharti ni chuma kitupu cha kusubu, kisichopakwa enameli wala ile rangi ya kuzuia kushika, na chakula chenye asidi na majimaji, mchuzi wa nyanya au ukwaju, kichemke muda wa kutosha. Kukaanga yai haraka haraka humo hakukupi kitu cha maana.

Basi tufaa lina faida gani?

Nyuzinyuzi, kwanza. Tufaa la wastani na ganda lake lina gramu 4 na kidogo. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku, kwa hiyo tunda moja limekuletea karibu sehemu ya sita. Limenye, unabaki na gramu 2 hivi. Kumenya ndiko kunakoniudhi kuliko hata kutu: mtu ananunua tunda la bei, anatupa nusu ya nyuzinyuzi na karibu kwesetini yote (polifenoli nyingine), maana kwesetini iko kwenye ganda, halafu ananiuliza faida za tufaa.

Pili, pektini, ile nyuzinyuzi inayoyeyuka na kuwa kama uji mzito tumboni. Inashika asidi za nyongo, ini linalazimika kutumia lehemu kutengeneza nyingine, LDL, ile lehemu mbaya, inashuka kidogo. Jaribio zuri ninalolijua lilichapishwa 2020: watu 40 wenye lehemu iliyopanda kiasi walikula matufaa mawili kila siku kwa wiki 8, na kwa wiki 8 nyingine wakanywa kinywaji chenye sukari na nishati sawa na ya matufaa hayo. LDL ilikuwa 3.72 kwenye kipindi cha matufaa dhidi ya 3.86 milimoli kwa lita. Tofauti ipo, ni ya kweli, na ni ndogo. Kama daktari kakuandikia statini, dawa ya kushusha lehemu, tufaa si mbadala wake. Isitoshe, waliokula walipewa aina ya Renetta Canada, yenye polifenoli nyingi kuliko matufaa mengi ya dukani. Sina uhakika hata kidogo kwamba mawili mekundu ya kwenye toroli pale kituoni yangeleta matokeo yale yale. Ulaya, ili mtengenezaji aruhusiwe kudai kwamba pektini inasaidia lehemu, lazima bidhaa impe mlaji gramu 6 kwa siku. Tufaa moja halifiki nusu ya hapo.

Tatu, shibe. Katika jaribio moja la Marekani la 2009, watu waliokula tufaa zima kabla ya chakula cha mchana walipunguza nishati ya mlo mzima kwa asilimia 15, tufaa lenyewe likiwa limehesabiwa. Tufaa lililosagwa liliwashibisha kidogo zaidi ya juisi, na zima likazipita zote. Kwa hiyo anayetaka kupunguza uzito ale tunda robo saa kabla ya wali. Kulila baada ya sahani iliyojaa ni kuongeza nishati juu ya nishati, na hapo usinilaumu.

Na kisukari? Uchambuzi mkubwa uliochapishwa 2013, uliofuatilia Wamarekani zaidi ya 180,000 kwa miaka mingi, ulikuta kwamba kila sehemu tatu za matufaa au mapeasi kwa wiki ziliendana na hatari ya kisukari aina ya 2 iliyo chini kwa asilimia 7, huku juisi za matunda zikiendana na hatari iliyo juu. Neno langu hapo ni "ziliendana", na sitalibadilisha kuwa "zilipunguza". Mla matufaa wa Marekani ana tabia zake nyingine. Ushahidi wa hilo ni ule utafiti wa 2015 wa msemo wenyewe wa Kiingereza, kwamba tufaa moja kwa siku humweka daktari mbali, msemo ambao umbo lake la zamani liliandikwa 1866 kutoka Pembrokeshire, Wales. Watafiti walichukua takwimu za watu wazima 8,399. 753 kati yao walikula angalau tufaa dogo moja kila siku. Kwa mtazamo wa kwanza walionekana kwenda kwa daktari mara chache zaidi. Lakini walikuwa pia wamesoma zaidi na wavutaji sigara walikuwa wachache kati yao, na hesabu iliporekebishwa kwa mambo ya namna hiyo, tofauti ya kwenda kwa daktari ikayeyuka. Kilichobaki ni kwamba walitumia dawa za kuandikiwa kidogo kidogo chini ya wenzao. Utafiti huo ulichapishwa siku chache kabla ya Sikukuu ya Wajinga, na nadhani waandishi walijua wanachofanya.

Tufaa la kijani kwa mwenye kisukari

Hili nalo: eti mwenye kisukari achague la kijani kwa kuwa ni chachu. Uchachu wa tufaa la kijani ni asidi ya maliki, wala si ushahidi kwamba sukari haimo. Granny Smith lina sukari gramu 9.6 kwa gramu 100. Fuji, tamu kuliko mengi, lina 11.7. Kwa tunda zima la wastani tofauti hiyo haifiki kijiko kimoja cha chai. Wakati huo huo, mtu anaacha jekundu la gramu 150 anachukua la kijani la gramu 250, na kaongeza sukari akidhani kapunguza. Pima ukubwa, achana na rangi. Tufaa dogo la gramu 120 hivi lina wanga wa gramu 15, ambayo ni sehemu moja ya tunda kwa mwenye kisukari. GI yake, yaani kipimo cha jinsi chakula kinavyopandisha sukari ya damu, iko kwenye 36 au 38, chini kabisa, na inabaki chini kwa lililo jekundu pia.

Juisi ni habari nyingine, ila hata hapa watu huirahisisha kupita kiasi. Mwaka 1977 Uingereza, watu 10 walipewa wanga gramu 60 wa tufaa kwa namna tatu: zima, lililopondwa, na juisi. Juisi iliisha mara 11 haraka kuliko tunda zima. Watu wengi husimulia kwamba sukari ya damu ilipaa zaidi kwenye juisi. Haikupaa zaidi, kilele kilikaribiana kwa zote tatu. Kilichotofautiana ni insulini, iliyopanda juu zaidi kwa juisi na kwa lililopondwa, na kile kilichofuata, kwani baada ya juisi sukari ilianguka sana, na waliokunywa hawakushiba. Kwa hiyo anayepima kidole nusu saa baada ya juisi na kusema "mbona iko sawa" hajadanganywa na mashine. Kapima wakati usiosema kitu.

Na blenda? Miaka mingi tumefundishwa kwamba kusaga ni sawa na kukamua. Jaribio dogo la 2022 kwa vijana wenye afya, waliopewa tufaa pamoja na beri zenye mbegu nyingi, lilikuta sukari ilipanda kidogo zaidi kwa tunda zima kuliko kwa lililosagwa, huenda kwa sababu mbegu zilizosagika zilitoa nyuzinyuzi zake. Ni jaribio moja, vijana, wazima. Silitoi kama ruhusa kwa mwenye kisukari. Lakini nimeacha kusema kwa kujiamini kwamba blenda "inaua" nyuzinyuzi. Chujio ndilo linaloziondoa. Ukisaga, usichuje, usiongeze sukari, na usiweke matufaa matatu kwenye glasi moja, kwa kuwa usingeyatafuna matatu kwa mkupuo. Juisi ya boksi, hata iliyoandikwa asilimia 100, ina sukari gramu 24 hivi kwa glasi ya mililita 250 na nyuzinyuzi karibu na sifuri. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, tangu 2017, kinasema chini ya mwaka mmoja usimpe mtoto juisi kabisa.

Nta, kuosha, kuhifadhi

Ile nta si plastiki. Tufaa lina nta yake ya asili. Kiwandani huoshwa ikatoka, na hupakwa nyingine, kanauba ya mti fulani wa Brazili wa jamii ya mnazi au shelaki itokanayo na mdudu. Haimeng'enywi, inapita. Ukikwangua unga mweupe kwa kisu na kupiga video, umerekodi nta ya kula. Pongezi.

Viuatilifu ni hoja yenye uzito zaidi. Watafiti wa Massachusetts mwaka 2017 waliloweka matufaa kwenye maji yenye bekingi soda gramu 10 kwa lita, yaani vijiko viwili vya chai, kwa dakika 12 hadi 15, na masalia ya juu ya ganda ya dawa mbili walizopima yakatoka, moja kwa asilimia 80 na nyingine asilimia 96. Maji matupu yalifanya kazi kidogo. Kilichokuwa kimepenya ndani ya ganda hakikutoka. Tumia bekingi soda ya kupikia. Magadi ya sabuni ni kitu kingine kabisa, usiyaguse kwa kazi hii. Suuza vizuri mwishoni. Mimi bado nashauri ganda liliwe.

Matufaa mengi yanayouzwa kwetu hutoka Afrika Kusini, yanakovunwa kuanzia mwanzo wa mwaka hadi Mei hivi, na yanayobaki hukaa miezi mingi kwenye ghala baridi lenye oksijeni kidogo. Hayajaoza wala hayajawekwa sumu ya maiti, kama sauti fulani inayosambaa inavyodai. Vitamini C imepungua, lakini ilikuwa miligramu 8 tu kwa tunda zima tangu mwanzo. Ukipata ya Lushoto, Njombe au Makete msimu wake, chukua: ni madogo, mara nyingi yamechuma jua badala ya ghala. Nyumbani yaweke kwenye friji, ndani ya mfuko, mbali na ndizi na parachichi, kwa kuwa yanatoa ethilini na yataviivisha kabla hujavihitaji.

Mambo ya haraka haraka. Mbegu: zina amigdalini, inayotoa sumu ya sianidi zikisagwa, ukimeza chache nzima hazina shida, usizisage. Mswaki: kutafuna tufaa hakuondoi utando wa meno, na asidi yake ipo, sukutua kwa maji. Siki ya tufaa: haina nyuzinyuzi, haina pektini ya maana, si tufaa, mada nyingine. Tumbo kujaa gesi baada ya kula: tufaa lina sobitoli na fruktosi nyingi kuliko glukosi, baadhi ya matumbo hayaziwezi, acha wiki mbili, rudisha, utajua. Watoto chini ya miaka 4: usimpe kipande kibichi kigumu, kinakaba; likune, au lipike kwa mvuke hadi liponde kwa kidole. Mwenye aleji anayemeza feksofenadini: imeze kwa maji, kamwe si kwa juisi ya tufaa, maana juisi hupunguza sana dawa inayofika kwenye damu.

Pera, na mahali pera linaposhindwa

Ukiniuliza tunda la kila siku kwa mtu mzima mwenye afya hapa kwetu, sitataja tufaa kwanza. Gramu 100 za pera zina vitamini C zaidi ya miligramu 200; gramu 100 za tufaa zina 4 na nusu. Nyuzinyuzi: 5.4 dhidi ya 2.4. Sukari ya pera ni chini kidogo. Na kwa bei ya tufaa moja mara nyingi unapata fungu. Kumpelekea mgonjwa matufaa na zabibu wodini kwa sababu vinaonekana vya heshima, huku mapera yameachwa getini, ni desturi tu.

Lakini kuna mgonjwa mmoja ambaye kwake nageuka kabisa. Mwenye figo zilizochoka na potasiamu iliyopanda. Gramu 100 za pera zina potasiamu miligramu 417. Ndizi moja ya wastani ina zaidi ya 400. Tufaa zima la wastani lina 195. Kwake yeye pera na ndizi, na maji ya dafu hasa, vinaweza kumpeleka mahali pabaya, na tufaa ndilo tunda ninaloliandika kwenye karatasi yake bila kusita. Ndugu wakija wodi ya figo na mfuko wa matufaa, wamebahatisha jibu sahihi kwa sababu isiyo sahihi. Hata hivyo usimpangie kwa kukisia: wapo wenye ugonjwa wa figo ambao potasiamu yao iko kawaida au hata chini, na kuwanyima matunda mengine bila sababu kunawaletea choo kigumu, ambacho nacho hupunguza potasiamu inayotoka mwilini. Angalia kwanza majibu ya karibuni ya potasiamu, halafu ndipo uandike tunda.